Masega ya Mama Imakulata

Idarusi wa Chumbageni hakuwa fundi wa magari, ila alikuwa na ovaroli. Ilikuwa na grisi ya kutosha magotini kumfanya mtu yeyote amwite fundi, naye kwa unyenyekevu hakuwa na tabia ya kuwabishia watu.

Jumamosi hiyo alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake nje ya kanisa, kwaya ikirudia ubeti uleule, alipoliona gari la Mama Imakulata, mmoja wa wanakwaya. La zamani, jeupe, limetunzwa hadi vitambaa vya kufuma juu ya viti. Papo hapo akamkumbuka Ziyad, mfanyabiashara wa iliki kule Amani, aliyekuwa akitafuta gari la namna hiyo na hana subira. Basi akaokota gunzi la muhindi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akalisokomeza ndani ya ekzosi kwa upole wa mtu anayemlisha mgonjwa.

Kwaya ilipotoka, gari lilikohoa mara moja, likazima. Likawashwa tena, likazima tena.

"Shikamoo mama yangu," akasema Idarusi, ambaye kwa bahati njema alikuwa anapita.

"Marahaba mwanangu. Wewe fundi?"

"Ndivyo watu wasemavyo."

Akachomeka chini ya usukani kimashine chake cha kupimia magari, kilichokufa siku nyingi isipokuwa taa moja. Akatikisa kichwa.

"Mama, masega yameziba."

"Masega? Ya nyuki?"

"Yanafanana. Yamo kwenye bomba la moshi, huko chini. Moshi hupita kwenye vitundu vyake ukasafishwa. Gari likizeeka vinajaa masizi, injini haipumui. Ni kama nikuzibe pua halafu nikwambie uimbe sauti ya kwanza."

Mama Imakulata akamtazama sana. "Na hayasafishiki?"

"Haya? Haya yamekwisha. Mapya ni ghali kuliko gari lenyewe."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu!"

Akaapa mbele ya kanisa, bila hata kusogea kando kidogo kwa heshima. Kisha, kwa huruma tu, akajitolea kulichukua kama chuma chakavu.

"Na mimi nitarudi Pongwe na nini?" akauliza mama, macho yakitua juu ya pikipiki.

Pikipiki ile Idarusi aliipenda kuliko baadhi ya shangazi zake. Lakini Ziyad angelipa pesa za kununua nyingine mpya na zikabaki. Wakabadilishana, gari kwa pikipiki, mbele ya Zebedayo, mwalimu wa kwaya, na Idarusi akaongeza zote zilizokuwa mfukoni ili mama asibadili nia.

Asichokijua ni kwamba kabla ya kustaafu mama huyu alikuwa bibi shamba milimani, na hakuna njia ya mashamba ya chai ambayo hakuipita kwa pikipiki. Alifunga kitenge vizuri, akapiga kiki mara moja, akatokomea.

Idarusi akachomoa gunzi. Gari likawaka vizuri, naye akaenda akiimba mpaka Muheza. Kilipoanza kilima cha Amani, gari likaanza kuhema. Akakanyaga mafuta, likahema zaidi, na harufu ya yai viza ikajaa ndani. Mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi akampita, akamsalimu, akapata na nafasi ya kuuliza habari za nyumbani.

Ikabidi ageuze, arudi Muheza kwa fundi Ernesti. Ernesti aliweka kiganja nyuma ya ekzosi, akangoja pumzi, akapata ya kubembeleza. Akalala chini, akagonga bomba kwa spana.

"Masega yameziba."

"Usinitanie!"

"Nikutanie nakujua?"

"Basi yasafishe!"

"Yangekuwa na masizi tu, ningeyafungua nikayaloweka kwa sabuni, nikayapuliza kwa upepo. Haya yameungua yakashikana. Nilimwambia Mama Imakulata tangu Pasaka. Akasema ataomba apate mnunuzi. Nikamwambia, mama, hata maombi yana mipaka."

Idarusi akalikokota gari hadi Pongwe, akamkuta mama uani anaifuta pikipiki kwa kitambaa.

"Mama, umenipa gari bovu!"

"Bovu nini, mwanangu?"

"Masega yameziba!"

"Si ndivyo ulivyoniambia? Nilikuwa nafungua mdomo nikueleze, ukaniwahi. Nikasema moyoni, kumbe mafundi wakweli bado wapo! Au ulipoapa hukuwa na hakika?"

Idarusi akafungua mdomo. Akisema alijua, basi hana neno. Akisema hakujua, atatakiwa aeleze gari lilizimwa na nini. Akaufunga. Ulikuwa mdomo uliokwishauza saa zisizo na mashine na mafuta ya taa yenye maji, na leo haukupata hata neno la kukopa.

Mama akamwonea imani, akamkaribisha chai na mihogo. Alipoaga na kujaribu kuliwasha gari, halikuwaka; hata kukohoa halikukohoa.

"Unakaa Chumbageni, siyo?" akasema mama, akikaza mtandio kichwani. "Panda nyuma. Na ushike vizuri, maana mimi sijui kwenda polepole."

Watu wa Chumbageni waliokuwa barazani wakamwona Idarusi akipita mbio nyuma ya pikipiki yake mwenyewe, mikono yote miwili imeng'ang'ania keria, macho ameyafumba.