Waya Usio na Mkosi

Kwa furaha isiyo kifani, Ofisi ya Usalama wa Nyaya ya mji wa Heshui, mkoani Guangdong, iliutangazia umma kwamba kifo kimepigwa marufuku ndani ya nyaya zote za umeme.

Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Waya uliofaulu majaribio ya moto na kupigwa alama ya usalama ulikuwa wa nambari kumi na nne, na kwa lugha ya Heshui "nne" na "kufa" hutoka kinywani kama pacha. Mkurugenzi Ouyang Jinfu aliagiza itumike kumi na nane, maana nane husikika kama utajiri. Isitoshe, kumi na nane ni kubwa kuliko kumi na nne. Kamati ililithibitisha hilo kwa kura.

Mzee Kuang, mwenye karakana ya kuunganisha nyaya kwa oda, alikuwa anatengeneza nyaya za hita za nyumba ya wazee. Mama mkwe wake alilala huko. Ndiye pekee aliyembakia. Mkewe alifia hospitali, ghorofa ya tano, ile iliyokuwa ya nne kabla Ouyang hajafuta nambari nne kwenye majengo yote ya mji.

Kuang akaenda ofisini.

"Mkurugenzi, kwenye nyaya nambari ikipanda waya unakonda. Hata muuza taa anajua. Huo wa kumi na nane kwa hita zile utachemka kama supu."

"Mzee Kuang, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

"Shii! Sema la tatu B."

"Na alama ya usalama? Iko kwenye ule mnene."

"Tutaihamisha. Alama haina mizizi."

Kuang akakuna kisogo. Kisha akainama kwa adabu zote.

"Basi nimeelewa, Mheshimiwa. Ila bahati kubwa hivi, wazee waipokee kabla ya viongozi wao? Watu si watasema sina adabu?"

Uso wa Ouyang ukang'aa.

"Umenena! Waya wa bahati uje hapa kwanza. Kwenye hita zetu zote!"

"Na wazee?"

"Wape huo wa mkosi. Kwa umri ule, mkosi utawapunguzia nini?"

Siku ya uzinduzi kulikuwa na baridi kali. Hita ziliwashwa zote, waya ukapita chini ya kiti cha Mkurugenzi, hotuba ikaanza.

"Ndugu wananchi, nalihisi joto la maendeleo..."

"Mkurugenzi, suruali!"

"Usinikatize, nafika kwenye utajiri."

Hakuna aliyeumia, ukiacha suruali. Ofisi nzima iliungua. Katika jengo lile, vyumba vitupu vilivyobaki vilikuwa kwenye ghorofa ya nne, ambayo Ouyang mwenyewe aliifuta bila kuipa nambari nyingine. Akahamia huko. Lifti haisimami hapo. Karani wa mapokezi, akiulizwa, hujibu kwa mujibu wa waraka: ghorofa hiyo haipo.

Juzi Kuang alipita chini ya jengo na chungu cha uji wa mama mkwe, ambaye siku hizi analalamika kwamba hita inamtoa jasho. Dirisha likafunguliwa juu.

"Mzee Kuang! Ni mimi! Waambie niko hapa!"

Kuang akahesabu madirisha, taratibu, kutoka chini.

"Samahani, Mheshimiwa. Mimi naona la tatu, halafu la tano."