Moto wa Bwana Harusi wa Mwisho

Jumatatu, 8 Juni

Nimepata! Daftari la parokia, mwaka 1783, ukurasa uliotafunwa na panya: moto wa mkesha wa Mtakatifu Yohana huwashwa na bwana harusi wa mwisho kijijini. Si meya. Bwana harusi! Na kwa miaka kumi na minne kiberiti kimeshikwa na Solange Bourdelle, meya wetu, anayeuwasha kama mtu anayechoma takataka, kisha anatuhutubia kuhusu mapipa ya taka.

Miaka ishirini na sita naandika katika jarida langu, *Mzizi* (wasomaji sitini na watatu, mmoja yuko gerezani, ndiye anayesoma hadi mwisho), kwamba sisi wa mrengo wa kulia tu wapumbavu kukimbilia kura. Siasa ni mkia. Utamaduni ndio ng'ombe. Wa kushoto walijua: wakachukua shule, nyimbo na sinema, wakakaa kungoja. Sisi tukabaki na bendera na hasira. Anayeshika sherehe ameshika kijiji. Anayeshika kijiji… tutaona.

Bwana harusi wa mwisho ni Baudouin, mfuasi wangu, aliyeoa Aprili. Atawasha moto, kisha atasoma hotuba yangu. Kurasa kumi na moja. Nitaifupisha iwe kumi na mbili.

Alhamisi, 11 Juni

Kamati ya sherehe, watu saba, chumba cha nyuma cha mkahawa wa mwisho uliobaki. Nilisema dakika arobaini. Kijiji kisichokumbuka ni bweni tu! Nikawataja waliotutoka: mwokaji, mhunzi, shule yenyewe. Mzee Firmin, mfugaji kondoo, akafuta macho. Alidai ni chavua. Ni utamaduni.

Meya akauliza kama nimemaliza, maana ameacha kuku kwenye oveni. Nikasema desturi haichagui mtu, huamuru. Iandikwe hivyo hivyo, daima: bwana harusi wa mwisho ndiye awashe. Mikono saba juu! Hata wa meya! Alinitazama kwa macho ya huruma. Nimeyahesabu kuwa ya hofu.

Mlangoni Gontran, mwenzangu wa zamani aliyejitenga akaanzisha jarida lake, akaniuliza: "Profesa, ubao wa matangazo wa ofisi ya meya huwa unausoma?" Nikamjibu siusomi, kwa msimamo. Ni sauti ya serikali. Akacheka hadi akakohoa. Wivu mtupu. Wasomaji wake ni arobaini.

Jumamosi, 20 Juni

Kengele. Honi. Nikachungulia dirishani. Harusi! Harusi ya nani? Sofiane Belkacem, fundi wa mapaa, kamuoa Clémence, binti wa mama wa posta. Tangazo la ndoa limekaa ubaoni wiki tatu. Kijiji kizima kilijua, na kamati nzima ilijua iliponyoosha mikono. Mimi nasoma karatasi ya 1783 yenye mavi ya panya, ya mwezi huu sikuisoma!

Babu yake Sofiane alikuja kutoka Algeria kujenga bwawa letu la umeme. Nimeandika makala nane dhidi ya babu yake. Si yeye hasa. Lakini ni yeye.

Baudouin kapiga simu: ina maana si yeye tena? Alisikika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alikuwa ameshaiona hotuba.

Jumapili, 21 Juni

Suluhisho: mtu mwingine aoe kabla ya Jumanne, usiku wa moto. Nani? Mimi! Nikampigia Mireille, mtalaka wangu, huko Lyon. Nikamweleza kuwa ni kwa ajili ya ustaarabu. Akauliza: "Wewe, leo umekula?" Nikasema hayo hayahusiani. Akasema tangazo hukaa siku kumi, ndiyo sheria, na hata lingekaa dakika kumi jibu lake lingekuwa lile lile alilompa hakimu. Kisha akaniamuru nikaange mayai.

Nimekaanga mayai.

Jumatatu, 22 Juni

Gontran kaja na ushauri: nitangaze kuwa daftari ni la kughushi. Neno moja tu, nani atabisha? Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuweza. Daftari ni la kweli. Nimekula vumbi maisha yangu yote nikitafuta kitu kimoja cha kweli. Leo nikikane kwa kuwa kimemtaja nisiyemtaka? Akaniita msaliti. Nikamwita mchuuzi wa kura. Akabamiza mlango. Ni mlango wangu!

Alasiri kaja Sofiane mwenyewe, kofia mkononi. Akaniambia: Bwana Fontbonne, meya amesema wewe ndiye unayejua. Mwali huanzia upande gani? Mke naye hushika mwenge? Hataki kuaibika mbele ya Mzee Firmin.

Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Nilimfundisha saa mbili. Upande wa mashariki. Majani ya shayiri. Mizunguko mitatu, kimya. Akaandika yote kwenye kipande cha ubao kwa penseli ya fundi! Nikagusia hotuba. Akasema kwa upole: "Bwana, moto hauwezi kungoja kurasa kumi na mbili." Tukapatana mistari minne.

Jumanne, 23 Juni

Mizunguko mitatu, kimya. Kisha mwali ukapanda kupita paa la kanisa. Sofiane akasoma mistari yangu minne vizuri kuliko ilivyoandikwa. Mzee Firmin akaanzisha wimbo ambao sijauona katika daftari lolote. Sofiane akauitikia, neno kwa neno. Ameezeka zizi la mzee majira mawili ya joto, akiusikia kutoka juu. Mimi sikuujua. Nilisimama nikichezesha midomo.

Meya akaniletea soseji kwenye mkate. Akasema: "Umetufanyia jambo jema, Aymeric." Nilitokwa na machozi. Moshi.

Alhamisi, 25 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu ni dogo: sikurudi nyuma vya kutosha. Mwaka 1783! Karne iliyokwisha kuoza, karne ya wanafalsafa! Leo nimefungua daftari la 1641. Wino umefifia, lakini kwa jicho lililofunzwa mambo yako wazi: moto huwashwa na mwanamume ajuaye Kilatini, anayeishi peke yake.

Kijijini yupo mmoja. Tena hakuna harusi inayoweza kumpokonya kiberiti, isipokuwa yake mwenyewe. Na hiyo haina hatari.