Milango ya Potasiamu Iko Wapi?

Jumatatu, 9 Juni
Siku njema. Upepo wa Kitengela umetulia, na chai ya shule leo ilikuwa na maziwa. Mwalimu mkuu ametangaza maonyesho ya sayansi Kajiado, Jumamosi. Sisi walimu wawili wa biolojia, mimi na Namunyak, kila mmoja apeleke mfano wa seli ya ubongo. Atakayefanya vizuri zaidi atakuwa mkuu wa idara. Namunyak amefundisha miaka minne. Mimi kumi na mmoja! Imeisha hiyo.

Swali lenyewe: milango ya potasiamu, yaani vitundu vinavyoipitisha, iko sehemu gani za seli? Nikamwambia mwalimu mkuu hilo ni jambo dogo. Kisha nikafungua kitabu. Kinasema potasiamu hutoka nje ya seli. Inatokea mlango upi, kitabu kimenyamaza.

Jumanne, 10 Juni
Kusoma ni kazi ya mtu asiye na mpango. Saa ya chakula niliingia maabara, eti natafuta karatasi za litmasi. Mfano wa Namunyak ulikuwa mezani, umefunikwa shuka. Nikafunua. Lo! Mwili wa seli ni kibuyu. Matawi ni waya. Mkia mrefu unaopeleka ujumbe ni mpira wa maji uliovishwa vipande vya sponji, kwa sababu mkia wa kweli huvikwa ala ya mafuta yenye mapengo. Shanga nyekundu, yaani milango ya sodiamu, zimejaa kwenye mapengo. Za buluu, yaani potasiamu, ziko kwenye kibuyu na matawi. Nikakariri yote, nikafunika haraka.

Namunyak akaingia, akanisalimu kwa Kimaasai. "Supa, mwalimu!" Akaniuliza kama tusome pamoja, maana yeye yuko na makala nzuri. Nikamjibu fahali wawili hawakai zizi moja. Akacheka, akanikatia nusu ya chapati yake. Chapati laini ajabu. Nilitoka bila litmasi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekata sponji kwenye godoro la wageni. Mke wangu Kavutha akataka kujua ni panya gani huyo anayetumia makasi. Nikasema ni sayansi. Akasema mama yake akija, atalala upande mzima, na sayansi italala upande ule mwingine pamoja nami.

Gundi niliyonunua ni kali. Kidole gumba kilishikana na mpira wa maji. Nimefundisha Kidato cha Pili kipindi kizima nikiburuta mita mbili za mpira. Wanafunzi walitulia kuliko siku zote. Nimefurahi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimegundua kitu! Namunyak hana shanga hata moja ya buluu kwenye mkia. Amesahau! Nimezijaza zangu kwenye mapengo, buluu na nyekundu pamoja, kama mkufu wa bibi harusi. Kesho nitamuuliza mbele ya watu. Kwa heshima, bila shaka.

Jumamosi, 14 Juni
Kajiado. Ukumbi umejaa. Jaji ni Daktari Linda, mtafiti wa ubongo. Namunyak alieleza kwa sauti ya upole. Nikainua mkono. Nikauliza, kwa heshima, potasiamu ya mkiani imeenda wapi?

Namunyak akatabasamu. Akaniomba nije mbele nikunje ukingo wa sponji kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakunja. Mungu wangu! Shanga za buluu, nene, zimejipanga pande zote mbili za pengo, jirani na zile nyekundu lakini hazijachanganyika nazo. Zimejificha chini ya mafuta! Watu wakapiga makofi. Daktari akasema aina hiyo hukaa hapohapo kabisa, ikisaidia kuutuliza mkia ili ujumbe usirudi-rudi; aina nyingine hukaa mwilini, nyingine matawini, kila moja na mtaa wake.

Akaja kwangu. Mbona nimechanganya? Nikasema ni makusudi. Akasema kweli kuna aina inayokaa pengoni pamoja na sodiamu. Je, ndiyo niliyokusudia? Nikasema ndiyo hiyo. Akaniuliza inaitwaje. Nikakohoa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Namunyak wa kwanza. Mimi wa saba kati ya tisa. Hata hivyo nusu ya kosa langu ilikuwa sahihi, na hilo si kila mtu anaweza.

Tulikula mbuzi kabla ya kurudi. Namunyak, sasa mkuu wa idara, akanisogezea mbavu. Akasema alijua Jumanne ileile, kwa sababu shuka nililirudisha ndani nje. Nikaacha kutafuna. Akaninong'oneza bila hasira: "Siku nyingine ukichungulia, mwalimu, chungulia mpaka ndani." Kisha akaniomba niwe msaidizi wake, maana swali langu ndilo lililompa ushindi. Nikakubali. Mbavu zilikuwa tamu.

Jumapili, 15 Juni
Kanisa, pilau, usingizi. Kavutha anasema niko na bahati ya kushindwa na mtu mwema. Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Amesema kweli Namunyak: kosa langu lilikuwa kuchungulia juu juu.

Mwalimu mkuu ametuma ujumbe: muhula ujao ni figo, na kila mwalimu na mfano wake. Kitabu kiko hapa mezani. Sijakifungua. Nimemwandikia Namunyak kumwomba ufunguo wa maabara, eti nimesahau sweta huko.

Sweta nimeivaa.