Hati ya Jina Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimetoka kwa jirani yangu Masudi nimefura. Aliniita kahawa, kumbe shida yake si kahawa. Ukutani, pale ambapo watu wenye adabu huweka picha ya harusi, ametundika hati ya kiwanja. Ndani ya fremu! Jina lake peke yake, maana alinunua kabla hajaoa. Akaniambia kwa upole kwamba yangu, ninayokwenda kuiomba kesho, itakuwa na majina mawili, kwa sababu siku hizi wanasisitiza mke aandikwe.

Mimi nibanane na mtu kwenye hati? Nimeishi nyumba hii ya Nkuhungu miaka kumi na tisa! Ni kweli kiwanja alinunua Zipora, mke wangu, kwa zabibu za shamba lao la Mvumi. Ni kweli tofali ni zake. Na bati. Na milango. Lakini geti nilinunua mimi Yoramu, na nyumba bila geti ni banda tu.

Jumanne, 5 Agosti

Ofisi ya ardhi tangu saa mbili. Foleni. Fomu ina mahali pa hali ya ndoa. Ukijaza kwamba umeoa, wanataka picha ya mke, sahihi ya mke, kitambulisho cha mke. Ukijaza kwamba hujaoa, hawataki chochote. Sasa hapo kosa ni langu?

Nikajaza kwamba sijaoa.

Binti wa dirishani, Emiliana, alikuwa ameniamkia shikamoo vizuri tu. Akasoma fomu, akatazama mvi zangu, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sijabahatika. Akataka kiapo cha wakili. Nikaenda kwa wakili, nikashika Biblia, nikaapa. Dakika nne! Jioni Zipora amepika ugali na mlenda. Nimekula kwa raha zangu zote.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna aliyeniambia kwamba majina hubandikwa! Nani alibuni upuuzi huu? Siku kumi na nne kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, ili mwenye pingamizi aje aseme. Namba 31: Yoramu Masinjisa, miaka 56, mmiliki, hajaoa. Na ukuta wenyewe unatazamana na bomba, wanawake wote wa mtaa wako pale na ndoo zao.

Nilikwenda kuibandua orodha hiyo. Nikamkuta Masudi anawasomea kwa sauti waliosahau miwani.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane, lakini si kwangu. Tereza wa kwaya, mjane, ameniletea karanga za kukaanga na kuuliza kama nina mtu wa kwenda naye kwenye maonyesho. Mchungaji ameomba nipumzike kidogo kufundisha wachumba. Kidogo mpaka lini, hakusema. Binti yetu Erica amepiga simu kutoka chuoni Chimwaga, anauliza kama mimi na yeye bado ni ndugu. Mtoto niliyemsomesha! Ada ni za zabibu, sawa, lakini nauli zilikuwa zangu.

Zipora hajafoka. Hajalia, hajavunja sahani. Ila asubuhi ameniita Bwana Yoramu. Miaka ishirini na sita ananiita Baba Erica. Nimekosa hamu ya chai.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya fedheha. Naandika kwa hasira.

Tuliitwa ofisi ya mtaa, kuna pingamizi. Ndani: Emiliana na faili lake, Mzee Matonya ambaye ni mwenyekiti wa mtaa, na Zipora, amevaa kitenge cha kanisani. Nilijiandaa kukabili machozi. Hakuna machozi. Emiliana akamuuliza kama anapinga kwamba mwombaji hajaoa.

Zipora akasema, "Hilo silipingi, mwanangu. Kama ameapa hajaoa, hajaoa. Mimi napinga hapo palipoandikwa mmiliki."

Akafungua mkoba. Mkataba wa kiwanja, jina lake. Risiti za tofali, jina lake. Za bati, jina lake. Mwanamke anatunza risiti miaka kumi na tisa, hiyo ni tabia gani? Nikaomba waandike kuhusu geti. Emiliana akauliza risiti iko wapi.

Mzee Matonya akanihurumia, akasema mimi ni mume wa huyu mama, yeye mwenyewe alikula nyama ya harusi. Emiliana akanigeukia, akaeleza taratibu kabisa kwamba kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Basi ikabidi nimkatalie mzee wa watu. Nikasema nyama aliyokula ilikuwa ya harusi nyingine.



Emiliana akauliza, sasa huyu baba anayeishi humo ni nani? Zipora akanitazama. Nilidhani atalainika.

"Mpangaji," akasema. "Chumba cha uani."

Na ikaandikwa!

Jumanne, 12 Agosti

Chumba cha uani kina mbuzi upande wa pili wa ukuta. Nimetafakari usiku kucha. Nimekuja kugundua kwamba hapa mjini kuna mwanamke ana nyumba, ana zabibu, hati yake inatoka mwezi ujao, na kwa mujibu wa ofisi hana mume. Wengine watamwona! Nimeamua kumposa. Tukifunga ndoa, ninaingia kwenye hati. Likishaingia jina langu, la kwake nitajua pa kulipeleka. Nimemtuma Masudi awe mshenga. Amekubali haraka mno, sijui kwa nini.

Alhamisi, 14 Agosti

Masudi amerudi kutoka Mvumi. Shemeji yangu Joshua, kaka yake Zipora, ameipokea posa vizuri, hata hakucheka. Dharau ameiweka kwenye swali moja tu: je, huyo bwana ana mahali pa kumweka mke?

Mimi wa kuulizwa swali hilo! Nimemrudisha Masudi leo hii hii na jibu: ninayo nyumba yangu mwenyewe, Nkuhungu, na hati iko njiani. Kama hawaamini, niko tayari kuapa.