Chupa ya Sosi na Tumbo la Merlinda

Jumatatu, 9 Juni

Merlinda amekubali! Jumapili atakuja kwetu kula adobo, kuku wa kupikwa kwa siki na sosi ya soya. Miaka minane nimemfuata mwalimu huyu, na leo, mlangoni pa kanisa, kakubali. Kwa sharti moja: kusiwe na ngano hata chembe. Utumbo wake hauwezi gluteni, ile protini ya ngano. Kwenye ubatizo wa mwezi uliopita, kijiko kimoja cha mchuzi kilimlaza hospitali siku nne. Nikacheka. Nikamwambia kwetu tunakula wali tu, ngano itoke wapi? Nimefika nyumbani, nimesoma chupa ya sosi ya soya. Maji, soya, chumvi, NGANO. Kwa Mama, adobo bila sosi hiyo ni chakula cha mgonjwa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshinda dukani kwa Manang Choleng na kioo cha kukuzia maandishi. Soseji: wanga. Wanga wa nini? Hawasemi. Vidonge vya supu: ngano. Sosi ya chaza: ngano tena. Imejificha kila mahali, jamani! Manang kauliza kama nimekuja kununua au kufanya mtihani. Wensing, fundi redio, akacheka hadi akashika kaunta. Naye anamtaka Merlinda. Humpelekea puto, vikeki vya mvuke vya mchele. Mchele! Mjanja huyo.

Jumatano, 11 Juni

Nimepenya jikoni kwa Wensing kukagua kopo lake la baking poda. Niliomba Mungu nikute ngano. Wanga wa mahindi. Nimesikitika sana. Hata hivyo nimemdokeza Merlinda kwamba lile kopo silielewielewi. Kanijibu kopo hilo kalinunua yeye mwenyewe, Merlinda.

Nikaenda mjini kwa aibu, nikapata sosi isiyo na gluteni. Chupa moja, ya mwisho. Imeandikwa wazi. Nimemwapisha Mama: hii ni ya Jumapili.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekagua chupa mara kumi na moja. Imejaa hadi shingoni. Lebo safi. Nimesoma pia siki, pilipili manga na dawa ya meno ya Mama. Naogopa. Nikimfikiria Merlinda kajikunja kitandani kwa sababu yangu, nainuka usiku kuikagua tena. Mama anasema ni njaa.

Jumapili, 15 Juni

Sijui nianzie wapi. Merlinda kaja na blauzi nyeupe. Wensing kaja bila kualikwa, na sinia la puto. Nikampa Merlinda chupa aisome. Kasoma, katabasamu. Kachota. Kijiko kiko njiani, Mama akafungua kinywa:

“Kula, binti yangu, usione haya. Sosi yenyewe ilinishinda kwa utamu, nikaimaliza Alhamisi na samaki. Nikaijaza tena chupa dukani kwa Manang, kwenye ile ndoo yake ya sosi ya kupima. Chupa nzuri kama hii unaitupaje?”

Ndoo ya Manang! Mtaa mzima tunajaza humo, mimi mwenyewe nimetumwa tangu utoto, na sikuwaza! Nikapiga ukelele. Nikapiga kijiko. Adobo ikaruka kwenye blauzi, na iliyobaki ikamwangukia Wensing. Afadhali hiyo.

Merlinda hakula hata tone. Tukashikana mikono. Mama akalia, akasema angejua angejikata mkono. Merlinda akambembeleza. Kisha akaniambia taratibu kwamba lebo inasema kilichotoka kiwandani tu, haisemi kilichomo. Niwaulize watu wa jikoni, niwaambie kila kitu, na chupa aifungue yeye mwenyewe. Atarudi Jumapili ijayo, mara moja tu. Halafu akala puto sita.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepata kosa lilipokuwa. Ni lebo! Chupa nzuri inamtia Mama tamaa. Nimenunua sosi nyingine isiyo na gluteni mji wa pili, nimeimimina kwenye chupa kuukuu isiyo na maandishi yoyote, nimeiweka rafuni katikati ya chupa nne za Mama za sosi ya kawaida. Zote zinafanana kabisa. Hakuna atakayeigusa. Sijamwambia mtu, hata Mama, hata Merlinda. Ya kwangu ni ya pili kutoka kushoto.

Mama kapangusa rafu jioni hii, kashusha chupa zote na kuzirudisha, nikashtuka kidogo. Lakini chupa bado ni tano. Nimehesabu.