Uzinduzi Rasmi wa Malori ya Kabatini

Mheshimiwa Mke wangu, Mlezi wa Mradi na mwenye funguo za stoo, za friji na za dawa zangu. Mheshimiwa Binti yetu wa Kwanza, Nesi Mkuu wa wodi ambayo sijalazwa na, kwa uwezo wa Mungu na kwa ukaidi wangu, sitalazwa. Mheshimiwa Mkwe, dereva wa lori la kweli lenye magurudumu mengi kuliko heshima yake kwa wazee. Mhandisi Mshauri wa Mradi, Fundi Redio, jirani yetu wa ukuta mmoja. Ndugu mnunuzi wa kuku, uliyeegesha pikapu yako nje ya geti ikiwa na matenga matupu, na ambaye ningekuomba uzime injini kwa kuwa hotuba hii ina kurasa. Afande, jogoo wetu, pamoja na kuku wote mliohudhuria kwa hiari na mliohudhuria kwa sababu mnaishi hapa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya mtu mmoja. Fundi Redio anatazama kushoto na kulia, anaacha.)

Awali ya yote nawashukuru walionibeba pamoja na kiti changu na blanketi langu hadi hapa varandani. Ninafahamu fika kwamba kikao hiki kiliitishwa na Binti kwa ajenda moja tu, nayo ni kwamba kuku wauzwe leo, nyumba ifungwe, na mimi na mama yenu tuhamie kwake ghorofa ya tatu, eti kwa sababu mtu anayepumzika mara mbili kabla ya kufika chooni hawezi kuitwa mfugaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa mujibu wa kanuni za vikao, ambazo nilizitunga mwenyewe nilipokuwa na meno yote, hoja yenye uzito hutanguliwa na hotuba ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi ni mimi, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mgeni rasmi mpaka atakapoketi. Mimi, kama mnavyoona, nimeketi tangu mwanzo, kwa hiyo lini nitaketi ni suala la kisheria ambalo linaweza kutufikisha jioni.

(Binti: "Baba, yule mtu anasubiri." Mkwe: "Mwache. Mzee akishaingiza gia ya juu hashikiki.")

Ndugu zangu, historia ya mradi huu ni historia ya utumishi uliotukuka. Niliongoza Idara ya Usafirishaji kwa miaka mingi bila kujua kuendesha hata baiskeli, jambo ambalo wachache waliona ni kasoro na mimi niliona ni uhuru wa fikra, maana anayejua usukani huangalia barabara, na asiyeujua huangalia upeo. Siku ya kuagwa, watumishi wenzangu walinipa lori la mfano, jekundu, pamoja na tela lake, milango inafunguka, vioo vinang'aa, urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, nami kwa uungwana nikasema sijawahi kupata zawadi nzuri kama hiyo. Uungwana huo umenigharimu. Tangu hapo nikitimiza mwaka, lori. Nikiugua, lori. Binti akipata cheo, lori. Kabati la vioo lililokuwa la vyombo vya mama yenu likageuka kuwa yadi ya magari makubwa, na sahani za harusi zikahamishiwa chini ya kitanda kwa muda.

(Mama: "Mpaka leo ziko huko.")

Kwa muda, nasema. Sasa basi, kwa kuzingatia kwamba aseti isiyozalisha ni mzigo kwa bajeti, na kwa kuzingatia kwamba goti langu la kulia lilijiuzulu bila kutoa notisi na la kushoto likalifuata kwa mshikamano, ofisi yangu, yaani kitanda changu, ilibuni Programu Jumuishi ya Kubadilisha Malori ya Mfano na Matela Yake kuwa Vyombo vya Lojistiki ya Chakula cha Mifugo, Awamu ya Kwanza, Kuku. Lengo kuu la programu ni kwamba chakula kitoke stoo na kufika bandani bila mfugaji kuinuka, na lengo mahsusi ni kwamba mfugaji asihamishwe.

Naomba nieleze kwa lugha nyepesi kazi iliyofanyika. Paa la tela jekundu lilikatwa kwa kisu kilichopashwa moto. Ndani tukaweka kihori kilichochongwa kutoka dumu la mafuta ya kupikia, kina mteremko ili pumba zishuke zenyewe. Nyuma tukatundika mlango unaofunguka kwa bawaba iliyotokana na mkanda wa saa yangu, maana saa siihitaji tena, nikitaka kujua wakati naangalia dawa gani imeletwa. Chini ya kichwa cha lori Mhandisi Mshauri alifunga mota ya feni, na amri zote zinatoka kwenye rimoti hii niliyoishika. Tela la mafuta limesajiliwa upya kubeba mashudu. Tela bapa lililokuwa likibeba buldoza limepewa jukumu nyeti la maji ya vifaranga, katika kifuniko cha chupa.

(Mkwe anainuka, anachuchumaa mbele ya lori jekundu, anafumba jicho moja. "Breki iko wapi?" Fundi Redio: "Likigonga ukuta linasimama.")

Umesikia jibu la kitaalamu, kaa. Nikija kwenye takwimu, kabla ya programu hii uwezo wa malori yetu kubeba chakula cha kuku ulikuwa sufuri. Katika jaribio la kwanza lori moja lilibeba pumba ngumi moja. Kutoka sufuri hadi ngumi moja ni ongezeko la asilimia ambayo hesabu yenyewe imeshindwa kuitaja, kwani Mhandisi alipoiingiza kwenye kikokotoo, kikokotoo kiliandika kwamba kuna kosa, na mimi nalipokea hilo kama namna yake ya kupiga saluti.

(Binti: "Baba, hawa kuku wanakula ndoo mbili asubuhi tu. Hiyo ngumi itamaliza lini?" Mama anatazama vidole vya miguu yake.)

Swali zuri, na ndiyo maana tuna flitii nzima badala ya lori moja. Sisemi kwamba hatukupata changamoto. Njia ya sementi kutoka stoo ina ufa pale kwenye bomba, na kuku waligundua kwamba lori likifika kwenye ufa hupunguza mwendo, hivyo wakawa wanalisubiri hapo, wanapanda juu ya tela na kula huku wakisafirishwa. Hapo tulifikia hatua ambayo hata mataifa yenye reli hayajaifikia, yaani mlaji na mzigo kusafiri kwa tiketi moja.

(Mkwe: "Sisi barabarani tunaita wizi, baba.")

Ninyi mnaita wizi, sisi tunaita huduma kumfuata mwananchi. Aidha, Afande alilichukulia lori jekundu kuwa ni jogoo mgeni, akalipiga mateke mpaka kioo cha pembeni kikang'oka, na tume imeundwa, na Afande ameteuliwa kuwa mjumbe ili ajisikie ameshirikishwa. Kuhusu kurudi nyuma, tela lilijikunja likakaa ubavuni mwa lori kama mke aliyenuna.

(Mkwe: "Ukirudi nyuma, usukani unakata kinyume. Ukitaka mkia uende kulia, kata kushoto." Mama: "Mke aliyenuna ndiye nani?")

Ushauri wa kwanza umepokelewa na utafanyiwa kazi katika awamu ya tatu. Swali la pili litajibiwa kwa maandishi. Kwa sasa niseme tu kwamba mipango ya mbele ni mikubwa. Tutajenga mizani ya kupimia magari kati ya bomba na mpapai. Tutaweka taa za barabarani, nyekundu, njano na ile nyingine. Punda wa jirani wa upande wa pili atapelekwa kwenye semina ya kapasiti bildingi ili ajiandae kisaikolojia kupoteza ajira. Na ng'ombe wa mtaa mzima, ambao leo hawajui jina langu, watalijua.

(Honi ya pikapu, fupi. Afande anajibu, ndefu.)

Namsikia mnunuzi, lakini nataka asikie na yeye. Mtu asiamini maneno yangu, aangalie vilishio. Tangu mvua za kwanza nimekuwa nikikaa dirishani kila asubuhi na rimoti yangu, nabonyeza, nasubiri, lori lenyewe silioni kwa kuwa dirisha limejengwa juu kuliko njia, na nikiletewa chai naambiwa vilishio vimejaa mpaka juu. Hakuna kuku aliyekonda. Wengine, niseme ukweli, wamenenepa kupita maadili ya utumishi. Sasa nauliza kikao hiki, kwa unyenyekevu wote niliojaliwa, ambao ni mwingi kuliko wa watu wengi: mtu anayelisha kuku wote hawa akiwa amelala chali, mnawezaje kumwambia hawezi kufuga? Mnawezaje kumpandisha ngazi za ghorofa ya tatu akasubiri mwisho wake akiangalia nguo za majirani zikikauka?

(Binti anakuja mbele, anachuchumaa karibu na kiti. "Sawa, baba. Tuoneshe. Hilo jekundu likitoka hapa likafika bandani na pumba zake, mimi mwenyewe nitamwambia wa pikapu aondoke. Lisipofika, matenga yanaingia, na wewe na mama mnakwenda na mimi leo. Tumekubaliana?" Fundi Redio anaanza kuangalia bati la varanda.)

Tumekubaliana. Utepe huu, ambao wenye macho makali mtatambua kuwa ni bandeji yangu, safi lakini, naukata sasa. Umekatika. Kabla sijabonyeza, desturi inatutaka kaulimbiu. Nikisema lori dogo, semeni mzigo mkubwa. Lori dogo.

(Fundi Redio: "Mzigo... wa wastani.")

Pumba.

(Mkwe: "Zifike salama.")

Mradi wetu.

(Kuku mweupe anaruka, anatua juu ya tela, anajisaidia.)

Maoni ya mwananchi yamepokelewa. Sasa, kabla ya kubonyeza, kuna neno la shukrani, na naomba mniinamie kidogo kwa kuwa pumzi inapungua. Mkwe, ligeuze lori. Fungua pale chini kwa bisibisi ya Fundi. Unaona nini? Huoni kitu, kwa sababu hakuna kitu. Juzi nilimwita Fundi anisomee jina lililoandikwa kwenye betri, nilitaka kuzisifu humu kwenye hotuba kwa kazi nzito ziliyofanya. Akafungua. Betri hazikuwemo.

(Fundi Redio: "Nilizichukua nitie kwenye tochi, Mheshimiwa. Siku ya pili tu ya majaribio. Lilishakwama kwenye ufa, nikajua mradi umekwisha, nikaona haya kukwambia.")

Hamsikii anavyosema vizuri, mradi umekwisha, kana kwamba ulianza. Kwa hiyo msimu mzima wa mvua nimekuwa nikibonyeza rimoti ya kuendesha lori lisilo na betri, na vilishio vinajaa. Mimi ni mtu niliyesoma. Mtu aliyesoma, akiona matokeo bila sababu, hutafuta sababu nyingine. Jana asubuhi sikubonyeza. Nilivuta pazia la dirisha lile lingine, la upande wa ukuta, ambako hakuna njia, kuna matope na mabati ya zamani tu, nikaona ndoo inapita. Chini ya ndoo kulikuwa na miguu ninayoifahamu kuliko saini yangu. Ilikuwa inazunguka nyuma ya stoo, kwenye utelezi, njia ndefu, ili mimi niliye dirishani na rimoti nisiione.

Binti, wewe unajua alichosema daktari, na unajua kwamba ninajua. Gari hili halina spea tena. Sitaki kufika kwenye mizani ya mwisho nimezidisha mzigo wa uongo. Naondoa hotuba yote kwenye kumbukumbu, pamoja na punda, isipokuwa shukrani hizi: namshukuru mfanyakazi pekee wa mradi ambao haukuwahi kuwepo, ambao wote ulikuwa ndoo mbili na mgongo wa mama yenu. Kuhusu kuku, wauzeni au msiwauze, lakini aulizwe aliyewalisha. Hakuna aliyemwuliza, na wa kwanza kutomwuliza ni mimi. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nimeketi.

(Wote wanamgeukia Mama. Anajifuta mikono bila haraka.)

(Mama: "Mwambieni wa pikapu aende. Nimewalea hawa kuku si kwa mayai. Kule bandani ndiko mahali pekee hapa nyumbani ambapo hotuba haisikiki. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, nitakimbilia wapi?")

(Makofi ya wote, marefu, na ya mgeni rasmi mwenyewe kwa mkono mmoja juu ya goti. Binti anakwenda getini. Pikapu inawaka na kuondoka, matenga yakigongana. Binti anarudi, anakunja mikono ya gauni na kuokota ndoo moja. Mkwe anaokota ya pili, anasimama kwenye kona ya stoo.)

(Mkwe: "Mama, tupite nyuma au mbele?")

(Mama: "Mbele. Ameshaona.")