Picha ya Aloys na Windows Mpya

Jumatatu, 3 Machi 2003
Jirani yangu Ulrich ameweka Windows XP. Ametangaza kupitia juu ya ukuta, mtaa wetu mzima wa Nguba umesikia. Ati skrini yake sasa ina kilima cha kijani na mawingu. Mimi bado niko na Windows 98, ya kijivu kama uji wa jana. Mimi, mtu wa ofisi ya misaada! Yeye anafundisha jiografia tu. Nimemwambia hongera. Kisha nimeingia ndani.

Jumatano, 5 Machi. Siku ya Majivu
Georgette, dada mkubwa wa mke wangu Fabiola, amefika na watoto wake kutoka kijiji cha Nyantende, kwa miguu. Majivu mpaka kwenye nywele. Yale anayopaka padri leo kanisani hakuyahitaji. Watu wenye silaha wamechoma nyumba yao na kumchukua mume wake, Aloys, awabebee mizigo. Picha zote zimeungua.
Ndipo Fabiola akakumbuka. Wakati wa Noeli niliskani picha ya Aloys kazini nikaileta nyumbani. Imo kwenye kompyuta yangu! Ndiyo pekee iliyobaki. Nilipoifungua, Georgette alishika skrini kwa mikono miwili. Aloys anacheka, meno yote nje.
Ma sœur Adélaïde, mtawa wa parokia, atapita huko Jumamosi kuwatafuta waliochukuliwa. Anaomba picha. Nimeahidi. Shujaa wa familia, mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Printa imetoa Aloys wa kijani. Ulrich akaja bila kuitwa. Akasema tuweke picha kwenye diskette, atachapa kwake sasa hivi. Fabiola akakubali. Mimi nikakataa! Aloys ni wa familia yetu, hawezi kutokea kwa Ulrich. Tena printa ni nzima. Ugonjwa ni 98. Nimeshapata CD ya XP kule sokoni Kadutu, kwa mtu anayeuza pia viatu na dawa ya panya.
Fabiola akaniambia, akiniita kwa jina la mtoto wetu: «Papa Sagesse, tumupatie ma sœur hata hii ya kijani. Mutu wa kijani anatambulika.»
Nimeichana. Ma sœur atapata kitu kizuri au hapati kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nilikaa mbele ya mashini kama daktari wa kupasua. CD inaongea Kiingereza. Ikauliza swali refu. Sikulielewa. Lakini iliuliza kwa adabu, nikajibu ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo!
Katikati, risasi upande wa vilima, na umeme ukaenda. Uliporudi, skrini nyeusi, kamstari keupe kanapepesa. 98 hakuna. XP hakuna. Aloys hakuna.
Nilimwita Ulrich mwenyewe. Fikiria! Alitazama, akajaribu, akasema swali lile lilikuwa la kufuta kila kitu. Akavua kofia. Hakunicheka. Hilo limeniuma kuliko yote.
Georgette akauliza: «Shemeki, sasa Aloys iko wapi?»
Nikasema umeme umemla.

Jumamosi, 8 Machi
Ma sœur ameondoka na maneno tu ya kumtambulisha Aloys. Mwanaume mfupi, kovu kwenye kidevu. Georgette aliongeza kwamba anapenda kucheka. Ma sœur aliitikia kwa kichwa, macho chini.

Jumanne, 11 Machi
Ma sœur amerudi. Walikuta wanaume watatu kando ya barabara, wamekufa. Mmoja mfupi. Ndevu zilikuwa zimeota, kidevu hakionekani vizuri. Alisema kwa picha angejua. Kisha akajuta kusema. Wamezikwa palepale.
Georgette hajui kama ni mjane. Amefunga kitambaa cheusi, amekifungua, amekifunga. Watoto wanamtazama waone wafanye nini.
Fabiola hasemi nami. Nilitoka nje nikalia, uso kwenye ukuta. Upande wa pili Ulrich alizima redio yake.

Ijumaa, 14 Machi
Nimechunguza kosa bila kujihurumia. Nimelipata: CD ilikuwa ya Kiingereza.
Leo nilipita parokiani. Kompyuta yao ndiyo inayotunza picha za waliopotea wote, watu wa vijiji vyote, ma sœur amezikusanya mlango kwa mlango. Na bado wako na 98! Huruma ilinishika. Nimepata CD nyingine, ya Kifaransa. Padri aliuliza kama kuna hatari. Nimecheka kwa upole, nikamgusa bega.
Ninaanza kesho mapema, kabla Ulrich hajasikia.